Kwa Injinia Uliyeipakazia Radi

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Nasikia huko Mbeya mjini wanakuita Injinia. Nilicheka mpaka mama akaniuliza kulikoni.

Unaikumbuka ofisi ya mizani, pale kwenye mashine ya mpunga Ubaruku? Mimi karani, wewe fundi wa kompyuta kwa kujitangaza mwenyewe. Mawingu yalipotanda, ulirukia nyaya kama wanavyofanya watu wote wa huku radi ikianza kunguruma. Lakini wenzako huchomoa za umeme, basi. Wewe ulifungua skrubu ukachomoa hata ule waya wa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye printa, huku unajisifu kwamba umeniokolea kazi.

Asubuhi ukaurudisha. Printa kimya. Wakulima wamejaa na magunia yao, na bila karatasi ya uzito tajiri mwenye mashine hapokei mpunga wa mtu. Ukapuliza vumbi la pumba, ukazima, ukawasha, ukaipiga makofi. Mwisho ukatoa hukumu: imepigwa na radi. Tajiri akauliza nani aliiacha kwenye umeme.

"Nilimwambia achomoe, tajiri," ulisema. "Huyu hasikiagi."

Nilikutazama. Ukajifanya unafuta miwani. Tajiri akanyoosha mkono, nikavua funguo za ofisi shingoni nikampa, watu wote wanaona.

Kabla ya kutoka niliinama nyuma ya kompyuta. Kule kuna matundu mawili yanayofanana. Waya wa printa hukaa kwenye la juu. Wewe, bingwa, umeuchomeka kwenye la chini. Nikauhamisha, nikachapa upya, printa ikaanza makelele yake na karatasi ikatoka. Tajiri akanirudishia funguo. Na wewe, mwanaume mzima na ndevu zako, ukasema, "Eeh, nilijua tu ni hapo."

Jana shangazi yako alikuja na kuku wa kukuombea msamaha. "Mwanangu, mchumba haachwi kwa ajili ya waya," akasema. Ni kweli. Waya hata mimi ningeukosea, tungecheka yakaisha. Nilichosubiri pale ni useme "ni mimi, tajiri," maneno ambayo hata mtoto wa chekechea anayaweza. Ukaona nafukuzwa, ukafuta miwani.

Kuku nimemrudisha. Na baba nimeshamwambia: posa yako ikija, asifungue mlango.

Aliyekuwa mchumba wako,
karani wa mizani mpaka leo.