Sirili Msesewe wa Kwenye Kopo

Kirua Vunjo,
Moshi.
3 Desemba, 2000.

Kaka Ildefonce,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii kwa kuwa marehemu baba alitufundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata kama amekukanyaga, na mimi sitaanza kumkosea baba leo kwa ajili yako. Natumaini wewe, wifi Theodora na watoto mko wazima huko Dar es Salaam, na joto halijawamaliza. Sisi huku tu wazima. Mama anasumbuliwa na goti la kushoto asubuhi kukiwa na ukungu, lakini anatembea hadi kanisani na kurudi. Najua hukuuliza. Nimeona nikuambie tu.

Barua yako nimeipata. Vedastus wa duka la pembejeo pale Njoro alinikabidhi mkononi Ijumaa nilipoteremka mjini. Nikaifungulia palepale dukani, kwenye magunia ya mbolea, maana nilidhani kuna msiba. Kumbe ni wewe. Umenipigia barua kwa mashine, kaka, na muhuri umegonga! Mimi niliyezaliwa nyuma yako, niliyebebwa na mbeleko uliyobebwa nayo wewe, unaniita "Ndugu Mwalimu".

Sasa nikujibu. Unasema ulishindwa udiwani kwa kura moja, na hilo kata nzima inalijua. Unasema katika kituo chetu cha shuleni kura ishirini na sita ziliharibika kwa sababu watu waliacha kuweka alama wakaandika "Sirili Msesewe", mtu asiyekuwepo duniani, na kwamba mtu huyo nimemtunga mimi ili nikuangushe. Unataka kabla ya kikao cha ukoo cha tarehe 27, watu wote watakapokuwa wamepanda kula Krismasi, nikuletee majina ya hao ishirini na sita. Nisipoyaleta, nitoke kwenye kihamba, shamba la nyumbani alilotuachia ukoo, kwa kuwa kihamba ni chako wewe mtoto wa kiume, na mimi niliyerudi kutoka kwa mume niliwekwa pale kwa huruma tu. Umeandika hivyohivyo, "kwa huruma tu".

Nimekuelewa vizuri sana. Ni vyumba viwili vya mbao na migomba kumi na minne niliyoipanda mwenyewe, na unavitaka. Basi kaa chini nikueleze habari ya Sirili, maana inaonekana wanaokuletea maneno huko Dar wanakueleza nusu, ile nusu inayokufurahisha.

Mwezi wa pili nilikuwa nafundisha Darasa la Sita somo la Uraia, mada ya uchaguzi. Kitabu kinasema mpiga kura achunguze sifa za mgombea. Watoto wakakariri vizuri, wakasahau vizuri. Nikatafuta makopo matatu, mawili ya Blue Band na moja la maziwa ya unga. Tukakata vikaratasi kwenye madaftari yaliyokwisha. Kopo la kwanza tukatia majina ya ubatizo, la pili majina ya koo, la tatu sifa. Hizo sifa waliandika watoto wenyewe, mimi nilisahihisha herufi tu. Mtoto anafumba macho, anachota jina la kwanza, jina la pili, na sifa tatu. Anayetoka humo ndiye mgombea wake, na sharti asimame mbele ya darasa amwombee kura na sifa zake zote bila kuficha hata moja. Akificha, amekosa. Mchezo wenyewe ulikuwa huo, na uchawi wa chama chochote haukuwemo.

Kosa nililifanya, na nalikiri, ila si hilo unalonisingizia. Nilisahau nimezaliwa wapi. Huku kwetu majina ya watakatifu tunayotumia hayafiki hamsini, na koo zetu unazihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Chota yoyote, unganisha na yoyote, mwenyewe yuko mahali anakatia ng'ombe majani! Siku ya kwanza akatoka Evaristo Mtui, mvivu, hupiga miayo kanisani, huchelewa kulima. Kesho yake asubuhi Evaristo Mtui wa kitongoji cha juu akasimama mlangoni pa darasa na panga lake la majani, ananiuliza nani kanipa habari zake. Nilimwapia kwamba zimetoka kwenye kopo. Akasema hilo kopo linamjua mno. Baada yake akaja Digna Lyimo, akaja na mwingine analia kabisa. Mwalimu Mkuu wetu, mzee Ndelilio, akaniita ofisini akanisihi nitafute majina yasiyo na watu.

Ndipo tukatupa koo tukatia miti. Hakuna ukoo wa miti. Wakatoka kina Theopista Mringaringa na Jacob Mruka, na binti mmoja wa dawati la nyuma, Aika, akachota Sirili, akachota Msesewe. Sote tukacheka, maana msesewe kazi yake tunaijua, ni gome la kutia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Sifa zake zikatoka hivi: anaogopa ng'ombe, akiahidi neno huliandika na kukuachia karatasi, akija kijijini hulala kwa mama yake.

Kuhusu Jacob Mruka, unasema yule ni wewe. Sifa zake ndizo hizi: anapenda kupigwa picha, hufungua kioo cha gari kidogo tu, hukumbuka kijiji mwaka wa uchaguzi. Nakuapia kwa kaburi la baba, vikaratasi vile vilichotwa mwezi wa tatu, wewe fomu hujachukua na wala hujatuambia kama unataka. Kama shati limekukaa, mimi si fundi niliyekupima.

Mtoto anayejua kusema ni balaa, na Aika anajua. Alimwombea kura Sirili hadi mwalimu wa darasa la tano akaja kusimama dirishani. Hakuficha kitu. Alisema mgombea wake akiona ng'ombe hupanda ukutani, lakini barabara hailimwi na ng'ombe. Darasa likamchagua. Watoto wakaenda na habari majumbani, na toka majumbani zikafika kilabuni kwa mama Victoria. Wazee wakaanza kubishana kabisa, kibuyu mkononi, kama mwanamume anayeogopa ng'ombe anafaa kuongoza watu. Nilisikia waliamua anafaa, mradi amesema mwenyewe. Kufika mwezi wa nane, mtu akiulizwa yuko upande gani anajibu yeye ni wa Sirili, na watu wanacheka, mambo yanaishia hapo. Ilikuwa mzaha. Ungekuja na akili zako ungeucheka pia, ukaupita.

Lakini wewe ulikuja Septemba vipi? Kwa kuwa umenitaka maelezo, nakupa.

Ulituma neno kwamba unapanda. Mama akafua mashuka ya chumba cha baba, akayaanika kwenye kahawa, akayapiga pasi ya mkaa mwenyewe, goti na yote. Akaniambia nikate ndizi za mtori, nichinje jogoo mwekundu, si yule mweupe, kwa kuwa mwekundu ndiye mnene. Jioni akainjika maji ya kuoga. Hukuja. Tukasikia umelala hoteli ya Marangu na wenzako wa chama. Mama akasema umechoka na safari, utakuja kesho. Kesho yake akainjika tena. Kaka, mama yako aliinjika maji ya kuoga siku tisa! Mtori wa kwanza tulikula sisi, wa pili tukawapa majirani, wa tatu akala nguruwe.

Siku ya mkutano wako sokoni alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaenda. Ulimwona, ukamwita jukwaani, ukamshika bega, ukawaambia watu kwamba huyu ndiye mama yako mzazi, aliyekulea kwa jembe, na kwamba asiyemjali mama hawezi kuwajali wananchi. Watu wakapiga makofi, hata mimi nilipiga. Mlipomaliza ukaingia kwenye gari na wale wenzako, gari likashuka, na mama akapandisha kwa miguu, hata lifti ya kufika pale darajani hukumpa. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, kiatu mkononi. Nilitaka kusema kitu, akaninyamazisha, akasema una kazi nyingi na nisianze.

Ndiyo, nilikuwa na hasira na wewe, na bado ninayo, hadi kalamu inatoboa karatasi. Ila kuwa na hasira si kukupangia njama. Hakuna mtu aliyenituma wala kunipa kitu. Watoto sikuwatuma kumwambia yeyote aharibu kura. Watu wazima wenye akili waliingia kwenye kile chumba wenyewe, wakaona sura mbili kwenye karatasi, wakaona afadhali mtu wa kwenye kopo. Hilo ungejiuliza wewe na chama chenu kabla ya kumuuliza mwalimu wa Uraia.

Sasa majina. Nimekaa na barua yako siku mbili, nikaapa sikupi hata moja, nitoke kihambani nikapange chumba mjini, nifundishe nikiwa napanda na kushuka. Leo baada ya misa nimebadili nia. Umeyataka, basi utayapata. Ninayo mawili.

La kwanza ni la mama.

Unajua hasomi, na sheria inamruhusu kuingia na mtu wa kumsaidia, akanichagua mimi. Tulipanga foleni tangu saa mbili. Ndani ya kile chumba nikamwonyesha karatasi ya udiwani, nikamshika kidole gumba nikakiweka juu ya picha yako, nikamwambia ndiye huyu mwanao, tuweke alama hapa. Akaitazama sana. Akaniuliza kama umenenepa au ni picha tu. Nikamwambia nadhani umenenepa. Kisha akaniuliza yule anayelala kwa mama yake yuko wapi kwenye hii karatasi.

Nikamwambia hayuko, mama, yule ni mchezo wa watoto, alitoka kwenye kopo la Blue Band. Akasema anajua, yeye si mwendawazimu. Akaniambia nimwandike. Nikamweleza kwamba nikiandika jina kura itaharibika, haitahesabiwa kwa yeyote, itakuwa kama hakuja. Nilimweleza mara mbili, kaka, kama ninavyomweleza mtoto hesabu. Nikamwambia mwanao anaihitaji. Akasema kama unaihitaji ungekuja kuiomba nyumbani, maji yalikuwa tayari. Akaniwekea kalamu vizuri mkononi, akasubiri. Nikaandika. Akaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza, akaikunja mwenyewe akaenda kuitumbukiza. Alipotoka nje aliwaamkia watu wote waliokuwa kwenye foleni, na mwenyekiti wa tawi lenu akampisha kwenye kiti chake, akamwambia hongera kwa kumpigia mwanao.

La pili ni langu. Na hapa nakuambia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Nilipoondoka nyumbani asubuhi ile nilikuwa nimekusudia kukupigia wewe, pamoja na uchungu wangu wote, pamoja na jiwe na kiatu. Nilisema moyoni, ni kaka yangu, atabadilika akipata. Mama akatoka, nikarudi ndani peke yangu na karatasi yangu, nikatazama picha yako. Sikuweza. Nikaandika alichoniandikisha mama.

Hao ishirini na wanne wengine siwajui, na ningewajua nisingekuambia.

Mama hajui kama ninakuandikia. Hakuniambia nifiche wala niseme, na tangu siku ile hatujalitaja. Redio ilipotangaza kwamba umeshindwa kwa kura moja aliizima, akaenda kutazama ng'ombe, akakaa huko muda mrefu. Nikimwambia ninakuandikia ataniambia nikusalimu sana, kwa hiyo pokea salamu zake kama kwamba amezituma. Mzee Ndelilio pia anakusalimu. Msalimie wifi Theodora, na watoto uwaambie shangazi yao yupo.

Tarehe 27 nitakuwepo kikaoni, nitakaa upande wa wanawake, na sitasema neno mpaka niulizwe. Orodha uliyoitaka unayo. Ukisimama kuisoma mbele ya ukoo ili unitoe kihambani, usianze na langu. Isome kama nilivyoiandika, na mama atakuwa amekaa pale mbele anakusikiliza.

Ni mimi mdogo wako,

Dominika.