Usije Kucheza Ligi ya Kitengela

Kitengela,
Jumapili jioni

Kwako Wafula, ndugu yangu mdogo,

Mulembe. Mimi niko tu, mzima, isipokuwa kifua kinanisumbua kwa sababu ya vumbi la huku na upepo usio na adabu. Mama anaendeleaje na lile goti? Mwambie aache kupalilia akiwa amepiga magoti, ingawa najua hatasikia. Na Nyanya bado anagombana na kuku wa jirani ama walishapatana?

Barua yako ilifika. Unasema umemwambia Mjomba utaacha kazi ya kusaga unga kwa posho mill yake mwisho wa mwezi, upande basi, uje ucheze kwenye ligi yetu ya gemu, kwa sababu umesikia atakayemaliza namba moja anapewa kibanda cha Isinya akisimamie, na chumba cha kulala nyuma. Umesikia ukweli. Na mikono yako naijua, hapa Kitengela hakuna wa kukufikia. Lakini usije. Ningekupigia kwa simu ya kulipia ya huku, ila mwenye simu husimama hapo hapo akisikiliza, na haya si ya kusikilizwa na kila mtu.

Wacha nikueleze vile pointi zinafanya kazi, maana ni mimi nilizitunga. Bosi wangu, Muriuki, ako na vibanda vitatu vya gemu ya mpira ya kwenye TV: hapa, Isinya na Kajiado. Alitaka wachezaji wazunguke vyote, na kila mtu ajue yeye ni namba ngapi. Mwanzoni ushindi wowote ulikuwa pointi tatu. Basi jamaa mmoja anaitwa Brayo akawa anashinda hapa kutwa akichapa watoto wa shule ambao wameshika pedi ya kuchezea jana, halafu anajiita bingwa. Bingwa wa nani? Nikakasirika nikabadilisha. Ukimpiga aliye juu yako, unapata nyingi. Ukimpiga aliye chini yako, unapata moja tu. Na ukipigwa na aliye chini yako, unanyang'anywa karibu zote. Tena nikaongeza kwamba mechi ikianza haisimami, na anayesimamisha amepoteza, kwa sababu wakiona wanafungwa walikuwa wanakanyaga waya makusudi ili TV izime. Watu walipenda hizo sheria. Muriuki mwenyewe alininunulia nyama.

Halafu akaja Lemayian, kijana wa pale nje ya Isinya. Mpole huyo! Akiingia anamsalimia kila mtu, "Sopa," hata wale hawaitikii. Gemu alijifunza Kajiado alipokuwa anasoma. Wafula, anacheza kama wewe. Siku ya kwanza alicheza ya kirafiki tu, bila pointi, akawachapa wote waliokuwa kibandani, Brayo akiwa mmoja wao.

Kuanzia hapo hakuna aliyekubali kukaa naye mechi ya pointi. Wangekubalije? Yeye ni mgeni, ako chini kabisa. Ukimpiga unapata moja, akikupiga umekwisha. Na sheria ni kwamba unamchagua mtu, na yeye anakubali ama anakataa. Basi Lemayian akishika pedi, huyu anakumbuka ameacha maji jikoni, yule anaenda choo harudi. Alikuwa anatoka kwao asubuhi, anakaa kwa benchi mchana kutwa, anarudi hajacheza. Wakaanza kumuita Benchi. "Benchi, leo umemkalia nani?" Mwanzoni alikuwa anacheka nao. Baadaye akawa anaangalia tu chini.

Nilimwendea Muriuki nikamwambia, mgeni apewe mechi kwa lazima. Akaniangalia kama mtu amepotea njia. "Brayo ndiye analeta watu hapa," akasema. "Unataka atolewe na nani? Na Benchi?"

Sasa tulipofika mzunguko wa Kajiado, Brayo mwenyewe akamuita mbele ya watu. "Kuja hapa, leo nakupa mechi." Lemayian alifurahi, wacha tu. Akakimbia kumleta baba yake, aliyekuwa amekuja kuuza mbuzi. Mzee akapewa kiti cha mbele. Gemu hajui ni nini, anatabasamu tu akimwangalia mwanawe.

Mechi kuanza, naona wachezaji wa Lemayian wanafika golini, wanasimama, wananyang'anywa mpira. Nikaijua ile pedi. Kitufe cha shuti kilikufa kitambo na tulikuwa tumeitupa chini ya meza. Kuna mtu alikuwa ameitoa huko akampa. "Hii pedi imekufa," Lemayian akasema. Kibanda kizima kikacheka. Nikasimama nikapiga kelele, "Simamisheni hii kitu!" Muriuki hata hakuinuka. Akaonyesha ukuta na kidole, pale nilipokuwa nimeandika sheria, akasoma polepole: "Anayesimamisha amepoteza." Akanigeukia. "Ama uliandika ya nini?"

Lemayian hakusimamisha. Alicheza mpaka mwisho, pasi tu, bila shuti hata moja, na Brayo akafunga mpaka akachoka kushangilia. Baba yake aliposikia watu wanacheka, akadhani kijana anafanya vizuri. Na yeye akacheka, akapiga makofi. Uii, Wafula, hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Siku hizi Lemayian haonekani Isinya hata siku ya soko. Wanasema amekwenda kwa jamaa zao kule Rombo. Mama yake nilimkuta kwa steji ya matatu, na watoto walikuwa wanamuita Mama Benchi. Aliitika, kwa sababu hajui maana yake.

Nakujua kichwa chako kigumu. Utasema wewe si Lemayian, wewe utabeba pedi yako. Wataharibu kitu kingine. Kwa hivyo jana nimeandika sheria mpya kwenye kuta za vibanda vyote vitatu: ndugu wa mtu anayeandika pointi haruhusiwi kucheza. Anayeandika pointi ni mimi peke yangu, na ndugu anayecheza gemu niko na wewe tu. Muriuki alinisifu mbele ya watu wote, akasema sasa hiyo ndiyo haki.

Nichukie ukiwa huko nyumbani. Mjomba nimeshamuuliza, bado hajaandika mtu mwingine kwa kinu, mrudie kabla hajachoka kukungoja.

Msalimie Mama, na Mjomba Barasa, na Nyanya na wale kuku wake wa vita. Nekesa dada yetu akija kutoka kwa mumewe, mwambie mtoto nitamuona Krismasi. Mama akikuuliza kwa nini hukuja, sema Simiyu alikukataa. Usiongeze kitu.

Ni mimi kaka yako, hata kama mwaka huu hutataka kuniita hivyo,
Simiyu