Leso Chini ya Kwapa

Malindi, 4 Februari 2024

Kwa shemeji yangu Gachanja,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, ila joto limetuzidi na kisima kimeanza kutoa maji ya chumvi. Waonaje afya katika baridi hiyo ya Mweiga? Nimekupigia simu mara nyingi na hupokei, basi nakuandikia.

Mashindano ya gofu ya wawili wawili ni mwezi wa Juni. Tangu ulipokuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chumvi kule Marereni tumeyacheza pamoja kila mwaka, isipokuwa mwaka jana, tulipomzika mkeo, dada yangu Kabibi, huku kwao kama alivyousia. Karani ataka majina kabla ya katikati ya Mei. Kijana mmoja, Mangi, ameomba kucheza nami. Ana nguvu, lakini hajui kujicheka akikosa. Mimi namtaka mwenzangu wa zamani. Wakumbuka tumbili walivyotuibia mipira, naye Kabibi amesimama uzioni na mahamri yake, akiwashangilia tumbili?

Nijibu.

Shemeji yako,
Dzombo

Mweiga, 21 Februari 2024

Shemeji mkubwa, shikamoo.

Mimi nipo, namshukuru Mungu. Kahawa inangoja mvua. Uniwie radhi kwa habari ya simu. Siku nyingine sauti ya mtu wa Malindi hunielemea.

Mchukue Mangi. Tangu nilipoteleza nikaumia bega, nimerudi uwanjani nikaaibika. Kiwiko cha kulia kinaruka kama bawa la kuku anayefukuzwa, na mpira unapinda kulia hadi vichakani. Wazee wa hapa wameniuliza kama nacheza gofu au nafukuza nyuki.

Shemeji yako,
Gachanja

Malindi, 5 Machi 2024

Shemeji,

Salamu, na pole kwa bega. Je, sasa waweza kuinua mkono bila maumivu? Kama waweza, barua yako siikubali. Kiwiko chako si mgonjwa. Ni mtoro, na mtoro hurudishwa kwa adabu.

Mkono wa kushoto uunyooshe, lakini usiukaze kama mpini wa jembe. Ukiinua fimbo, kiwiko cha kulia kikunjike na kuelekea ardhini. Ukiishusha, kiwiko kirudi ubavuni kwanza, ndipo mikono ifuate. Wewe huanza na bega, kama mtu asukumaye gari lililokwama mchangani. Kunja leso ya kike ya kujifunga mara nne, uibane chini ya kwapa la kulia, kisha upige polepole. Ikianguka, kiwiko kimetoroka.

Chukua yoyote ya Kabibi. Alikuwa nazo sanduku zima.

Shemeji yako,
Dzombo

Mweiga, 14 Machi 2024

Mzee Dzombo, shikamoo.

Natumaini hujambo. Nashukuru kwa mafunzo.

Leso gani? Siku ya kuondoa matanga dada zenu walilifungua sanduku la Kabibi wakagawana kila kilichokuwamo, kama ilivyo desturi yenu. Mimi nilikuwa nimeketi uani na wanaume, nikisikia jinsi zinavyokunjuliwa. Sikudai hata moja, kwa kuwa mgeni hapingi desturi ya wenyeji. Nilirudi huku na picha moja. Basi usiniambie nichukue yoyote.

Gachanja

Malindi, 28 Aprili 2024

Kwa shemeji yangu Gachanja,

Salamu nyingi. Afya yako vipi? Nimekawia kujibu, na sababu si uvivu.

Desturi siikani: nguo za marehemu huwaendea nduguze wa kike. Lakini desturi haikuagiza mume aondoke mikono mitupu. Nilikwenda Sabaki kwa dada yetu Kadii, nikamwomba leso moja. Akaniuliza, “Kaka, huyo shemeji ataka leso ya nini? Ajifunge aende kisimani?” Nikasimama uani kwake na ufagio, nikamwonyesha mambo ya kwapa na kiwiko. Alicheka hadi akajishika mbavu, kisha akalia. Siku hiyo alininyima. Nilipomwendea mara ya pili alinipa mwenyewe: ile ya njano yenye michoro ya korosho nyekundu, ambayo Kabibi alijitanda akienda kanisani.

Nimeituma kwa basi. Hata usipocheza, ni yako. Karani angoja hadi tarehe kumi na tano Mei, na kabla ya siku hiyo sitamwandikisha mtu mwingine.

Shemeji yako,
Dzombo

Mweiga, 8 Mei 2024

Shemeji mkubwa, shikamoo.

Nawasalimu nyote nyumbani, na Kadii kuliko wote. Mvua imetujia, kahawa imechanua, nami nalala vizuri.

Leso imefika. Mwanzoni sikuitoa kitandani. Nilijizoeza kwa taulo, nayo ikaanguka kila nilipoinua fimbo, nikaikanyaga bila huruma. Jana nikaona Kabibi hakununua leso ilale kama mgonjwa. Nikaikunja, nikaibana. Udongo wa huku ni mwekundu, na chini palikuwa matope matupu. Nilipoinua fimbo nilimsikia kabisa, akiniita kwa jina la mtoto wetu: “Baba Viola, ole wako iguse tope!”

Haikuanguka. Kiwiko kilirudi ubavuni chenyewe, na mpira ulikwenda mbele, umenyooka, hata nikasahau kuufuata.

Mpe karani jina langu. Nilikuwa nimeapa kwamba nikija tena Malindi nitalala hotelini. Nitafikia kwako. Kadii naye aje, tule pamoja.

Shemeji yako,
Gachanja