Jina la Kastori

Jumatano, 6 Agosti 2025. Gitega, Burundi.
Maonyesho yamefunguliwa. Picha ukutani, maelezo chini yake, sauti za wakimbizi waliorudi zinatoka kwenye spika. Utafiti wetu wote huu! Watu wa mtaa wa Musinzira wamekuja na watoto wao. Dokta Crispin, mkuu wetu, anacheka na kila mtu.

Mimi sina raha. Picha ya Mama Kastori ni mikono tu, imeshika sweta ya mtoto. Chini pameandikwa: "Martha, Gasorwe. Tulipotezana na mwanangu Elia njiani, tukikimbilia Tanzania." Majina yote tumebadilisha — kuwalinda watu, ndivyo utafiti unavyotaka. Hilo la Elia nililichagua mimi. Lakini mama yule alikubali kuongea ili jina halisi la mwanawe, Kastori, lisomwe. Labda Kastori atalisoma mwenyewe, popote alipo! Nilimwambia Dokta. Akasema nisichanganye huruma na kazi.

Ijumaa, 8 Agosti.
Mungu wangu. Raissa, mwanafunzi anayelinda ukumbi, kanisimulia huku anakula sambusa. Jana alikuja mwanaume, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamugari, hapa hapa mjini. Akasimama mbele ya ile sweta, hatoki. Akauliza kama mtoto aliitwa Elia kweli. Raissa hakuambiwa habari za majina. Akajibu ndiyo, si imeandikwa pale.

"Akasema basi mtoto huyo siye yeye, maana yeye anakumbuka jina lingine," Raissa kaniambia. "Akaenda. Mbona unalia, dada?"

Jumapili, 10 Agosti.
Nyamugari nimeizunguka yote. Zuena, muuza vitambaa, anamfahamu. Waliomlea walimwokota barabarani, wakamwita Chabani. Juzi kafuata kazi Uganda. Simu haipatikani. Nimepiga, nimepiga.

Jumatano, 13 Agosti. Muyinga.
Maonyesho yamehamia huku. Nimeomba jina lirudishwe. Dokta kasema tungoje kamati ya maadili ya utafiti — kamati!

Mama Kastori amekuja kwa miguu toka Gasorwe, kavaa kitenge cha kanisani. Kusoma hajui. Ameipata mikono yake, akacheka, akaweka kidole kwenye maandishi. Watu wamejaa nyuma yetu, Dokta akiwemo.

"Nisomee jina lake, mwanangu. Kwa sauti, wasikie wote."

Nimesema nafuata miwani. Niko nje, nyuma ya ukumbi, naandika haya. Miwani sina, sijawahi kuvaa. Kupitia mlango wa nyuma namwona: bado amesimama pale pale, kidole hajakiondoa.