Kura Moja ya Nyumba

Baba yangu, shikamoo huko uliko,

Wiki iliyopita nilikwenda kurekebisha taarifa zangu kwenye daftari la wapiga kura. Karani aliponiuliza jimbo, nikataja lile letu la zamani ulilolihangaikia. Akacheka. "Mama, hilo lilishafutwa. Siku hizi Ruhembe mko Mikumi." Nikatoka pale nakucheka wewe.

Unaukumbuka uchaguzi ule wa jembe na nyumba? Chama kimoja, wagombea wawili, kila mmoja na alama yake kwa ajili ya wasiojua kusoma. Wewe ulikuwa wa nyumba. Mgombea wako alikuahidi udereva Dar es Salaam, basi ukaacha palizi ya miwa ukazunguka na baiskeli mpaka Kidodi. Kila uliyemwomba kura alikuitikia, "Nyumba, mzee, nyumba tupu!"

Siku yenyewe ulikaa kituoni kama wakala, umevaa koti lako la harusi na jua lile. Kura zilipohesabiwa ikawa jembe, jembe, jembe. Nyumba ilipata kura moja. Yako.

Ulirudi nyumbani hata koti hujavua. Ukamuuliza bibi, "Mama, hata wewe?"

Bibi hakuona haya. "Mwanangu, nyumba ninayo. Jembe ndilo limenivunjikia."

Ukamgeukia mama. Akaendelea kuchambua mchicha. "Kura ni siri, Baba Zuhura."

Ulisusa kula siku mbili. Ya tatu mama akapika kambale wa nazi. Ukasema unaonja chumvi tu, ukamaliza sufuria.

Sasa, nilipotoka kwa karani nilimpitia mama, nikamwambia jimbo halipo tena. "Mama, baba ulimnyima kura kwa nini?"

Alifunika sufuria jikoni. "Mtu wake angeshinda, baba yako angekwenda Dar. Wangapi walikwenda wakasema watawatumia wake zao nauli wawafuate, wakapotelea huko? Mimi nilimtaka hapa."

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akalaumu moshi. Baba, siku hizi tunapikia gesi.

Miaka yote hii nilikuonea huruma kwa aibu ile ya kura moja. Sasa nimepiga hesabu nyingine: wadogo zangu watatu walizaliwa baada ya uchaguzi ule. Nimewaambia wote waende wakamshukuru mama kwa kuchagua jembe.

Pumzika, Baba. Huku tunakutaja kila siku, na tunacheka.

Mwanao wa kwanza,
Zuhura