Chai Yenye Vidonge

Baba, chai iliyo kwenye birika usiinywe, imwage. Ina vidonge vya malaria. Muulize mkeo vilifikaje humo. Maharage yamechemka, bado kuungwa.

Mama, nilishakueleza. Watafiti wanajaribu chanjo: wataniachia mbu wenye malaria waniume makusudi, kisha wanilaze wodini na kunitibu mara vijidudu vitakapoonekana kwenye damu. Wakikuta dawa mwilini mwangu, wananitoa. Ndiyo maana asubuhi niliitema chai yako kwenye sinki, nawe ukapiga kelele, "Sikukuzaa uwe chakula cha mbu!"

Mbu wa chumbani kwangu wananila kila siku bila daktari. Hao mbona huwalilii?

Nimempigia daktari nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, lakini anataka kunipima upya kabla ya kunikubali, kwa hiyo nimewahi kuondoka. Nitarudi ~~Jumamosi~~ watakaponiruhusu.

Chandarua ulichonifichia kwenye begi nimekitundika kitandani kwako. Aliyelazwa mara tatu mwaka jana ni wewe, si mimi. Unadhani nilijiandikisha kwa ajili ya nani?

~~Nisamehe kwa kupaza sauti.~~ Hapana, nimefuta. Nakupenda, Mama, na siombi radhi.

Binti yako mkubwa