Tasha Ana Ndevu, Mama

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea na nyingine ya juzi, maana simu ilikatika kabla hujaniitikia. Macho yanaendeleaje? Ile dawa waliyokupa hospitali ya Kitete unaitia asubuhi na jioni kama ulivyoambiwa, au unaitia siku ukikumbuka? Goti je? Na mvua huko Urambo imeshika, au bado inachungulia tu na kwenda zake? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nina hasira, na hasira ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Utauliza barua ya nini wakati simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa hapo uani, na kila anayepita kwenda kisimani anasikia na kuchangia. Nikiandika ujumbe, anayekusomea ni kaka Joakimu. Haya ninayotaka kusema si ya kisimani, wala si ya kusomwa na kaka. Barua anakuletea mke wa katekista, aliyekuja huku kumlea binti yake aliyejifungua. Nimeipaka gundi pande zote kwa sababu mke wa katekista namfahamu. Ikifika imefunguliwa, mwambie nimejua. Vaa miwani usome mwenyewe.

Uliniagiza kazi. Ulisema kaka amemwomba paroko tangazo lake la tatu la ndoa lisisomwe kwanza, wakati mahari ya Felista imeshapokelewa na gauni liko kwa fundi. Ulisema kaka amepata mchumba mwingine, binti wa Dar es Salaam, jina lake Tasha, anayemwandikia kila Ijumaa. Ukaniambia, "Wewe si uko huko huko? Nenda ukamwone. Angalia anasali wapi, anajua kupika nini, na kama ana adabu."

Nimemwona, mama. Wala sikupanda gari, niligeuza kiti tu. Tasha anakaa meza ya jirani na yangu pale kazini. Hasali popote, Jumapili yake ni ya kubeti mpira. Kupika anajua kuchemsha maji kwenye birika la umeme. Adabu hana hata ya kuombea chumvi. Ana kitambi, ana ndevu, na jina lake halisi ni Kelvini.

Kaa chini nikueleze, maana kazi yangu sijawahi kukueleza ikaeleweka. Nilikwambia niko ofisi ya matangazo, ukafurahi, ukawatangazia jumuiya nzima kwamba Veronika yuko ofisini. Ofisi yenyewe ni chumba juu ya duka la vigae. Bosi tunamwita Mkurugenzi kwa sababu asipoitwa hivyo haitikii. Hana kiwanda, hana shamba, hana hata genge la nyanya. Anachouza ni anwani za watu.

Ni hivi. Vijana wakienda disko au kwenye matamasha ya muziki, mlangoni wanakuta binti mrembo anawaambia, andika jina lako na anwani yako ya barua pepe hapa, upate soda ya bure. Barua pepe ni barua inayoingia ndani ya simu. Basi mtu mzima, kavaa viatu vya kuazima, kajipulizia manukato hadi mbu wanahama, anaandika kila kitu bila kuuliza ni cha nini. Kwa soda! Na haina hata baridi. Mkurugenzi anazikusanya anwani, anawaendea wauza bia, wauza mikorogo ya kung'arisha uso, wenye michezo ya bahati nasibu, na wale wanaouza viwanja vilivyolala chini ya maji. Anawaambia, ninao watu wapenda raha, nilipeni niwafikishie neno lenu. Wanamlipa. Ndiyo biashara yote, mama, hakuna kingine nyuma ya pazia.

Sasa tangazo tupu watu hawalisomi. Ndiyo maana Kelvini akamzaa Tasha. Kila Ijumaa, mkono mmoja kwenye chipsi, anaandika barua moja tu: "Mambo! Za tangu siku ile? Nimekukumbuka sana. Umekula?" Mashine inachomeka jina la kila mtu mahali pake, na kila mmoja anadhani kaandikiwa yeye. Chini kabisa linakaa tangazo la bia. Hapa Dar hakuna anayejibu. Wanacheka, wanafuta, wanaendelea na ujinga mwingine. Kazi yangu mimi ni kukagua yanayorudi, nitoe anwani zilizokufa.

Mwaka huu Mkurugenzi akasikia kwa watu kwamba Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya zamani. Hajui zaidi ya hapo na hataki kujua. Akabuni Tamasha la Msafara. Akakodi vijana wa mjini, akawavika kaniki, akawabebesha pembe za ndovu za sponji ya magodoro, wakatembea kutoka upande wa Kwihara hadi uwanjani huku maspika yanapasua masikio. Picha nimeziona. Kijana mmoja alikuwa amebeba pembe kwa kidole kimoja huku anajipiga picha kwa mkono wa pili. Babu zetu walibeba pembe za kweli kwa miguu hadi pwani, mabega yakachubuka, lakini kila mtu alijua nani mzigo na nani mbebaji. Siku hizi mzigo unajileta wenyewe mlangoni, unaandika jina lake, na kusema asante kwa soda. Kaka yetu alikuwa kwenye foleni hiyo, yeye na wakulima wenzake wa tumbaku.

Ijumaa iliyofuata Tasha akawaandikia watu wa Tabora. Mama, walijibu! Sijui niseme nini juu ya malezi yenu. Mtu wa kwetu akisalimiwa ataitikia hata kama kasalimiwa na debe. Mmoja akaandika, "Nzuri dada Tasha, sijui wewe. Huku mahindi yamenyauka, tunamwachia Mungu." Mwingine wa Lusu akaomba radhi kwa kuchelewa kujibu, akaeleza walikuwa na msiba, marehemu ni nani wa nani na kazikwa wapi. Mzee mmoja akauliza kwa heshima zote, "Samahani binti, nikukumbuke vizuri, tulionana upande wa jukwaa au upande wa vyoo?"

Kelvini alicheka hadi chipsi zikampalia. Nami nilicheka, nisikufiche. Nilisema moyoni, washamba wakubwa hawa, na mimi nimetoka kwao.

Mkurugenzi hakucheka. Alisimama nyuma ya kiti changu akasoma, kisha akasema, "Hawa ndio dhahabu. Mtu anayeona haya kuacha salamu bila jibu, ataona haya kukataa kununua." Akawatenga watu wa Tabora peke yao, akawapandisha bei kwa wale wa viwanja vya majini. Akaagiza mashine iwe inawajibu yenyewe papo hapo: "Asante sana, maneno yako yamenigusa. Tuonane Ijumaa." Nilimchukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Basi hilo la mashine, mama, ndilo kaka anaita uchumba.

Uliponipigia simu na kutaja jina la Tasha, nilikwenda kutafuta kwenye yale yaliyorudi, ambayo tangu mashine ianze kujibu sikuwa nayasoma tena. Nilimkuta. Alikuwa amejibu kila Ijumaa, hakuruka hata moja. Nilimdharau kwanza. Mwanamume anayelitazama jani la tumbaku likiwa bado shambani akakwambia litakauka kwa rangi gani, anashindwa kuona kwamba mchumba wake anamalizia kila barua kwa bei ya bia! Felista yuko hapo hapo, nyumba ya tatu kutoka kanisani, anafuma vitambaa vya makochi, na yeye kaka anamtaabisha kwa ajili ya Kelvini. Nilijiandaa kumpigia simu nimtukane. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa.

Halafu nikasoma barua yake ya mwisho. Nakunakilia, maana nimeisoma hadi nimeikariri:

"Tasha, habari za huko. Mimi mzima. Umeniuliza kama nimekula. Nimekula, ugali na mlenda. Tangu baba afariki hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Hapa naulizwa kama bani la kukaushia tumbaku limeezekwa, kama mbolea imefika, kama mahari imetimia. Yuko binti wanataka nimuoe, ni mwema, lakini tukikutana anatazama chini na mimi natazama chini, kama watu waliodondosha sindano. Na wewe je, umekula? Najua huko mjini watu wanalalia chai. Nina mdogo wangu huko, anaitwa Veronika. Hasemi kitu, lakini sauti yake kwenye simu imekonda. Ukipata nafasi mtafute, mwangalie anaishije. Usimwambie nimekutuma."

Mama, nilifunga mlango wa choo cha ofisi nikalia humo. Wewe ulinituma nikamwangalie Tasha, na yeye alikuwa amemtuma Tasha aje aniangalie mimi. Na ni kweli nilikuwa nalalia chai. Mshahara ulikuwa umechelewa, na nilikuwa nakwambia kwenye simu kwamba mambo safi. Wewe uliniamini, ukaniagiza vitenge.

Sikulaumu. Ila najua sasa kaka ana njaa gani, na si ya Tasha.

Nimeitoa anwani yake kwenye mashine. Mkurugenzi aliponiuliza imekwenda wapi, nikamwambia imekufa. Ijumaa hii kaka atasubiri barua na haitakuja, ndiyo maana nataka hii yangu iwahi. Za wale wengine wa Tabora sikuziweza, anazo nakala nyumbani kwake. Waambie watu hapo kanisani, akiwaandikia Tasha kuhusu kiwanja wasimwitikie, hata kama kawasalimia vizuri namna gani. Najua watanuna. Na mimi nitaondoka pale, mama, ila si wiki hii, maana mwenye nyumba hapokei hasira badala ya kodi.

Sasa nakuomba sana. Usimwambie kaka mbele ya watu, usimwambie kwenye jumuiya, usimwambie kupitia kwa mke wa katekista. Mngoje akiwa peke yake bandani anapanga tumbaku, ukae karibu, umwambie taratibu kwamba hakuna Tasha. Atajitia kazi nyingi huko bandani. Mwache, usimwulize habari za bani.

Kuhusu tangazo la tatu, usimsukume paroko, wala usiseme watu watasemaje. Mwite Felista aje akusaidie kumenya karanga saa ambayo kaka anarudi shamba. Kisha wewe ingia ndani, ujifanye unatafuta kitu. Kama Felista atamwuliza huyo mwanamume kama amekula, na kama kaka naye atainua macho amwulize yeye, maana ulimi hajakatwa, basi paroko asome tangazo na mimi nitakuja kupiga vigelegele. Wakiendelea kutafuta sindano, mwacheni Felista aende na gauni lake, na msimdai hata kijiko. Yeye hajakosa kitu. Binti wa watu hawezi kugombea bwana na birika la umeme.

Michembe ya viazi uliyotuma imefika, na sikumgawia Kelvini. Nisalimie mama mdogo wa Lusu, mwambie vile viatu vya mwanawe nimeviona, nitavituma. Nisalimie babu mpiga kengele wa kanisa, umpe pole ya koo lake. Msalimie shangazi anayeuza asali stendi, mwambie aache kuniombea mume, kwanza aniombee kazi. Felista usimpe salamu zangu, nitamwandikia mwenyewe, kwa mkono, na nitamwuliza habari zake zote.

Na kaka, ukishamwambia na akishatulia, mwambie barua zake zilifika. Tasha hakuzisoma. Nilizisoma mimi. Mwambie alichomtuma Tasha kimefanyika, mdogo wake ameonekana.

Mwambie leo nimekula, wali na maharage. Na yeye je?

Ni mimi mwanao,
Veronika